Mbuzi wa Sura ya Nne

Itangazwe kwa wakazi wote wa Taita Taveta, wa milimani na wa nyikani, wenye vyeti na wale walioviacha njiani, kwamba hatimaye imejulikana mbuzi ana njia ngapi za kuondoka konani na kurudi pale pale konani bila kuvuka uzio. Aliyetuletea maarifa haya si malaika, wala si mtaalamu aliyekuja na ndege. Ni Wakesho Mwanyumba, mzaliwa wa Mwanda, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya kutwa mjini Voi, mama wa miaka thelathini na ushee ambaye hajawahi kumiliki mbuzi hata wa kuazima. Jibu ni mia tano themanini na nane. Wananchi mnaombwa mtulie.

Tangazo hili, kwa maneno yasiyo mbali na hayo, lilitolewa kanisani Mwanda Jumapili moja, baada ya sadaka na kabla ya habari za chanjo ya ng'ombe. Mtangazaji alikuwa Zephaniah, mjomba wake Wakesho, mzee mwenye koti moja zuri na sauti inayotosha makoti matatu. Mjomba hakujua mbuzi alikuwa wa nani, wala kwa nini arudi konani ilhali ameshatoka. Alichojua ni kwamba mpwa wake amepata namba. Watoto wa wenzake waliosoma walirudi na suti, na misamiati, na madeni. Hakuna aliyerudi na namba.

Kosa la kwanza lilikuwa la Wakesho mwenyewe. Mjomba alikuwa amemuuliza kwenye simu, "Kwa ufupi, mwanangu, hiyo tasnifu yako imetoa ngapi?" Naye, badala ya kusema mambo ni mengi, akamjibu.

Mtu anayemfahamu Wakesho hatashangaa. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kuogopa ubao. Mwanafunzi akilia kwamba hesabu inamchukia, humwambia, "Hesabu haikujui. Kaa chini." Akiwa na chaki mkononi hutembea mbele ya darasa kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vya wapangaji. Shahada ya uzamili, ambayo wengine huimaliza kwa pumzi moja, yeye aliila kama mtu anavyokula muwa njiani: anatafuna, anatema, anasimama kusalimiana, anaendelea. Katikati aliolewa, akazaa, akafiwa, akasahihisha mitihani ya mock isiyo na idadi. Hakuna siku aliyosema hatamaliza. Alisema tu hajamaliza.

Lakini chuo kikuu hakina subira ya muwa. Usajili wake ulikuwa umeongezwa hadi hakuna tena pa kuongezea. Akaambiwa wazi: utetezi wa tasnifu ni Jumanne, na muhula ukifungwa, jina lake linafutwa. Jopo likimpitisha, hata kwa marekebisho madogo, amepata shahada. Likisema arudie kazi, hakuna muhula wa kurudia. Atarudi Voi vile vile alivyotoka, ila na nywele nyeupe mbili tatu za ziada.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza, ingawa kuifanya kumewatoa wengi jasho. Chukua karatasi ya mraba-mraba. Weka mbuzi kwenye kona ya chini, kushoto. Kwenye pande mbili zinazokutana pale konani kuna uzio. Pande nyingine ni wazi hadi upeo wa macho. Mbuzi huenda hatua moja kila mara, juu, chini, kushoto au kulia, wala haruhusiwi kuvuka uzio. Swali: ana njia ngapi za kutoka na kurudi konani? Kwa hatua mbili, njia mbili. Kwa hatua nne, kumi. Kwa sita, sabini. Kwa nane ndiyo hiyo iliyosomwa kanisani. Baada ya hapo namba zinavimba kiasi kwamba ukitaka kuziorodhesha njia zenyewe moja moja, utazeeka kabla ya mbuzi.

Wakesho haorodheshi. Anayo mbinu, na mbinu hiyo aliieleza vizuri kuliko siku zote Jumamosi kabla ya utetezi, huko Marungu, kwa dadake Gertrude, ambaye alikuwa anaanika nguo.

"Sasa wewe," Gertrude alisema, kibanio kikiwa katikati ya meno, "wakikuuliza hiyo Jumanne ulikuwa unafanya nini miaka yote hii, utawaambia aje?"

"Nitawaonyesha kamba kama hiyo yako."

"Ya nguo?"

"Ya nguo. Hebu fikiria uzio mmoja tu kwanza. Mbuzi anaondoka kwenye uzio, anarudi kwenye uzio. Kila kibanio ni idadi ya hatua. Kibanio cha kwanza, hatua sifuri: hapo naanika moja, maana kukaa pale pale ni njia moja."

"Kukaa ni kutembea?"

"Kwa hesabu, ndiyo."

"Ngoja nimwambie shemeji yako. Kumbe ni mtembezi sugu."

"Hatua mbili, moja. Hatua nne, mbili. Sita, tano. Nane, kumi na nne. Sasa ukihangaika na nguo moja moja utalala nje. Mimi nashika kamba nzima, na vitu vyake vyote, naipa jina. Naiita K. Kisha najiuliza, tembezi lolote limejengwa vipi? Ama hukutoka. Ama ulitoka hatua moja, ukazurura huko nje weee, ukarudi hatua moja hadi kwenye uzio, halafu ukaanza kuzurura upya. Mazururo mawili. Na kila zururo ni K ile ile."

Gertrude alitoa kibanio mdomoni. "Kwa hivyo K ana mimba ya K mbili."

"Mapacha. K ni moja, ujumlishe x mara x mara K mara K. Hiyo x mara x ni zile hatua mbili, ya kutoka na ya kurudi. Ukishaitatua hiyo, kamba inajianika yenyewe, nguo zote, mpaka mwisho wa dunia."

"Na mbuzi wa kona?"

"Huyo ana nyuzio mbili, basi ana kamba mbili. Moja ya juu-chini, moja ya kushoto-kulia. Nazichanganya hatua zake kama karata. Inatoka mia tano themanini na nane, na sikuhesabu hata mbuzi mmoja kwa kidole."

Gertrude aliitazama kamba yake, mashati ya mumewe na sare za watoto, kwa heshima ambayo haijawahi kupewa nguo zenye maji. "Mungu wangu. Na mimi nilidhani unasomea fizikia."

Wakesho alikuwa amekuja Marungu kwa sababu moja. Katika sura ya nne ya tasnifu, msimamizi wake alimtaka aweke mfano wa nyumbani, kwa kuwa siku hizi hata nadharia tupu huulizwa itamsaidia nani. Wakesho akakumbuka kona iliyo nyuma ya shamba la Gertrude, pale uzio wa stima wa kuzuia ndovu unapopinda kama kiwiko, mkono mmoja ukielekea reli na mwingine ukielekea mbugani. Mbuzi wa Gertrude hulishwa ndani ya kiwiko hicho. Akauweka mfano, akauita "Mbuzi wa Marungu," na kitabu kikajalidiwa. Sasa alitaka picha ya kona yenyewe, ya kuwaonyesha jopo ukutani.

Hapa lazima ieleweke jambo moja kuhusu watu wa Mwanda. Kule mashamba yamebanana mlimani kama watu kwenye benchi la harusi. Maharagwe ya huyu yanaishia kwenye mahindi ya yule, na hakuna mtu mwenye kichaa cha kupoteza ardhi kwa ajili ya njia. Basi mpaka ndio njia. Mtoto akitumwa kwa jirani huambiwa, "Shika mpaka," naye hupita juu ya ule ukingo mwembamba wa tuta, mguu mbele ya mguu, mkono mmoja ukiparaza ua ili asianguke. Ukikanyaga ndani, umekanyaga mboga ya mtu. Ukikanyaga mpakani, wewe ni mtoto mwenye adabu.

Wakesho alikuwa na adabu hiyo hadi kwenye magoti. Alifika kwenye kiwiko cha uzio akiwa na simu mkono wa kulia, akitafuta pembe nzuri ya picha. Ardhi ilikuwa na mtaro. Bila kufikiri, mguu ukatafuta ukingo, na mkono wa kushoto ukaenda kuparaza ua.

Waya ulimrusha nyuma kama posa iliyokataliwa. Simu ilienda zake. Kiatu kilienda zake. Mwalimu alikaa kitako kwenye vumbi jekundu, nywele zikiwa zimesimama kusikiliza.

Gertrude alicheka kwanza, akauliza baadaye. "Wakesho! Uko hai?"

"Nipo."

"Si umeona kibao? Kina fuvu! Hata mbuzi wanajua. Hebu waone walivyosimama mbali."

Wakesho akawatazama. Ni kweli. Mbuzi walikuwa wanakula kwa raha zao hatua kadhaa kutoka kwenye waya, na kati yao na uzio kulikuwa na utepe wa nyasi ndefu ambazo hakuna mdomo uliowahi kuzigusa. Aliutazama ule utepe. Aliendelea kuutazama, hadi Gertrude akaacha kucheka na kuanza kuhofia stima imempanda kichwani.

"Gertrude," alisema polepole, "mbuzi wangu amekufa."

"Mbuzi gani? Wote wako hapa."

"Wa sura ya nne."

Kwa maana katika sura ya nne, mbuzi anaruhusiwa kukanyaga mstari. Asivuke tu. Kukanyaga ni sawa, na tena safari yenyewe inaanzia juu ya nguzo ya kona. Wakesho aliiandika kanuni hiyo bila kuigundua kama kanuni, vile mtu asivyogundua lafudhi yake. Kihesabu haikuwa na ubaya wowote. Nadharia ilisimama imara kama mnara wa simu. Ila baada ya kuithibitisha, alikuwa ameichukua kanuni ya mpaka wa Mwanda na kuifunga kwenye waya wa Marungu, akaandika wazi kabisa kwamba uzio ni wa stima. Njia mia tano themanini na nane, na kila moja inaanza na maiti.

Alivaa kiatu, akaokota simu, akampigia msimamizi wake.

Daktari Badawy ni mtu wa Voi, wa ukoo wa pwani uliohamia zamani na kamwe haukuhamisha Kiswahili chake. Alisikiliza kila kitu mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mwanangu," alisema, "kazi hii nimeisoma mara nne, na hilo sikuliona."

"Uliisoma sura ya nne, Daktari?"

"Niliipitia."

"Sasa nifanye nini?"

"Ufanye nini? Unyamaze. Kitabu kimeshajalidiwa, na sura ya nne hakuna aisomaye. Mtahini wa nje ni Profesa Munyao. Huyo bwana akipewa kosa, hulitafuna kama chingamu. Ukilitaja wewe mwenyewe, atasema kazi irudiwe yote, nawe huna muhula wa kuirudia. Usimpelekee kisu nyumbani kwake, tafadhali."

"Na akiliona mwenyewe?"

"Hataliona, inshallah."

Lilikuwa shauri la mtu anayempenda. Wakesho alilipima kwa haki, kisha akaliweka kando, na tusimvalishe utakatifu asiokuwa nao: haukuwa uadilifu. Kilikuwa kiburi, tena kile cha asili. Hakuweza kuvumilia wazo kwamba kosa lake, alilolipata kwa mwili wake mwenyewe na kiatu kimoja, lije kutangazwa na mwanamume mwenye kalamu nyekundu kana kwamba ni ugunduzi wake yeye. Kama mbuzi huyo atazikwa, atazikwa na mwenyewe.

Alibakiwa na simu moja ya kupiga.

"Mjomba, ile namba niliyokupa..."

"Hiyo namba!" Mzee Zephaniah alikuwa mahali penye upepo na furaha. "Mwanangu, imefika hadi Bura. Juzi mtu wa Bura ameniuliza sokoni, nyinyi ndio wa mia tano themanini na nane? Nikamwambia ndio sisi."

"Mjomba, kuna marekebisho..."

"Marekebisho utaniambia tukionana. Bango limeshatoka kwa mchapishaji, limetoka vizuri, wameweka na picha yako ile ya harusi, tumemkata bwana. Jumanne tunakuja."

"Mnakuja wapi? Mjomba, si lazima mje."

"Wewe, mtu wetu haendi mbele ya watu peke yake. Salamu kwa Gertrude." Akakata.

Na Jumanne walikuja. Walikuja na koti la mjomba, shangazi wawili, chupa za chai, mkungu wa ndizi na gunia la parachichi za Mwanda, kwa kuwa huendi mkono mtupu kwa watu unaotaka wakupe kitu. Bango walilishikilia mbele ya mlango wa chumba cha mikutano: HONGERA WAKESHO, NJIA 588, na bibi harusi akitabasamu kwa mtu asiyeonekana.

Cynthia, karani wa idara, alijaribu kuwazuia. "Mzee, hapa ni utetezi wa tasnifu. Hii si posa."

Mjomba alichungulia ndani. Upande mmoja wa meza wamekaa watu wazima wamenuna. Upande wa pili kuna viti vitupu. Katikati amesimama mwanamke peke yake. "Binti yangu," alimwambia Cynthia kwa upole, "kama si posa, ni nini?"

Cynthia aliangalia tena, akawakaribisha kwenye viti vile vitupu.

Profesa Munyao alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani jozi mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutisha. Mbele yake kulikuwa na nakala ya tasnifu, na kwenye nakala hiyo kulikuwa na karatasi moja tu ya manjano, imebandikwa pahali pamoja tu. Wakesho hakuhitaji kusogea ili ajue ni wapi. Ilikuwa sura ya nne. Daktari Badawy aliiona pia, akaanza kuichunguza dari.

Wakesho alizungumza kwa Kiingereza cha mahali hapo, akaipitisha kamba ya kwanza, akaipitisha ya pili, akazichanganya, na kila mstari ulikuja ulipoitwa. Shangazi mmoja alitikisa kichwa kila palipotajwa K, kwa kuwa jina la marehemu mumewe lilianza hivyo. Kisha ukutani ikatokea picha ya kona ya Marungu, imepinda kidogo, ikionyesha mbingu nyingi na kipande cha kiatu.

Profesa alibadilisha miwani. Mkono ukaenda kwenye karatasi ya manjano.

"Mfano huu una kosa," alisema Wakesho.

Mkono ukasimama.

"Kosa ni langu. Nadharia inamruhusu mbuzi kukanyaga mstari. Nimeandika kwamba mstari ni waya wa stima. Vitu hivi viwili haviwezi kukaa ukurasa mmoja. Namba iliyoandikwa hapa ni sahihi kwa uzio wa kawaida. Kwa uzio huu, si sahihi."

Daktari Badawy alifumba macho. Profesa Munyao aliinua karatasi yake ya manjano, akaisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Bi Wakesho," alisema, na sasa akahamia Kiswahili, kwani mtu akitaka kumbana mwingine mbele ya jamaa zake huhakikisha nao wanaelewa, "umechukua swali langu. Nilikuwa nalo moja tu."

"Pole, Profesa."

"Usiniambie pole. Nimetoka mbali na swali hili." Aliivua miwani ya kutisha, akaifuta, akairudisha. "Mimi nimekulia nyuma ya mbuzi. Nadharia zako ziko sawa, hizo nilizimaliza kwenye treni. Lakini huyu mbuzi alinikosesha raha. Sasa, huna budi kunijibu jingine. Watu wenye makosa kama haya hutafuta mlango wa nyuma. Tuseme tunamsamehe ile nguzo ya kona. Tumezima stima pale kwenye nguzo peke yake, mwanzo na mwisho. Si tunasogeza tu namba vibanio vichache kwenye kamba yako, kila kitu kinapona?"

Lilikuwa swali lenye utelezi. Kwa uzio mmoja ni kweli kabisa: mbuzi akisamehewa mwanzo na mwisho, namba zote huwa zile zile, zimesogea hatua mbili mbele. Mtu mwenye haraka angesema ndiyo, ashukuru, aketi. Shangazi walishika ndizi zao. Mjomba Zephaniah, ambaye alihisi posa imefika kwenye mbuzi, aliinuka.

"Mheshimiwa," alisema, "kwa niaba ya familia, jibu ni ndiyo."

"Jibu ni hapana," alisema Wakesho. "Kaa, mjomba."

Mjomba alikaa.

"Kwa uzio mmoja, sawa. Akitoka anaelekea mbele, mbali na waya. Lakini kwenye kona, mbele yake ni wapi?" Alichora kona ubaoni kwa mikono miwili ya mistari. "Akienda kulia, anatembea juu ya mkono huu. Akienda juu, anatembea juu ya huu mwingine. Hatua ya mshazari hana. Hata umsamehe nguzo, hatua ya kwanza inamkuta wayani. Dawa si kuzima stima. Dawa ni kuihamisha kona. Anzisha safari hatua moja ndani kutoka kila uzio, pale ambapo mbuzi wenyewe husimama, na nadharia yangu inarudi yote kama ilivyo, na kila namba mahali pake."

Profesa aliitazama kona kwa muda. Akachukua kalamu nyekundu. Akaichora ile kona kwenye karatasi yake ya manjano, akamtembeza mbuzi wake kulia, akamtembeza juu, akafunika kalamu.

"Ulikoseaje mwanzoni?" aliuliza, na sauti sasa ilikuwa ya mtu anayetaka kujua. "Mtu anayejua haya yote?"

"Nimetoka Mwanda, Profesa. Kwetu mpaka ndio njia."

"Na nani alikurekebisha?"

Wakesho alielekeza kidole kwenye picha, kwenye kipande cha kiatu.

Profesa Munyao alicheka kicheko kimoja kifupi, kama kikohozi kilichopotea njia, na wanajopo wengine, ambao hawakuwa wamefika sura ya nne, wakacheka naye ili wasijulikane. Kisha Wakesho na jamaa zake wakaambiwa watoke ili jopo lishauriane. Chai ilinywewa kwenye ukumbi, Cynthia akapewa parachichi. Wanajopo hawakukaa sana. Daktari Badawy alitoka kwanza, akisahau hadhi yake, mikono ikiwa hewani.

"Umepita! Marekebisho madogo, ukurasa mmoja! Uihamishe kona tu, na shahada ni yako. Alhamdulillah. Nami naapa, sura ya nne nitaisoma leo leo."

Wakesho hakuruka wala hakulia. Alisema, "Nilijua," akaketi kwenye ngazi, akaomba chai.

Shangazi walipiga vigelegele hadi madirisha ya idara jirani yakafunguka. Profesa Munyao alitoka na parachichi mbili mfukoni na ndizi moja mkononi. Naye Mjomba Zephaniah alilitandaza bango juu ya nyasi, akapiga magoti kwa uangalifu wa koti, akachomoa kalamu ya wino mzito aliyoiazima kwa Cynthia. Alikuwa amesikia mle ndani neno moja na akalielewa: namba imebadilika. Alikata mstari juu ya 588, mstari mnyoofu, wa heshima. Kisha akainuka, akakohoa kile kikohozi chake cha kanisani.

"Mabibi na mabwana, wazee wa chuo, jamaa wa Mwanda na wote mnaotusikia kutoka madirishani! Mmeshuhudia leo binti yetu, Daktari Wakesho..."

"Bado si daktari, mjomba."

"...Daktari Wakesho, akiirekebisha namba yake mwenyewe mbele ya mabingwa, na bingwa akanyamaza. Mtu harekebishi namba ili apungukiwe. Namba ya kwanza ilifika Bura. Hii ya pili naona kabisa itavuka Voi, ikapande treni. Nimeacha nafasi ya kutosha kwenye bango." Aliinama, kalamu tayari, macho yamemtoka kwa fahari. "Haya, mwanangu, waambie. Mbuzi akianzia pale pale konani, kwenye waya wa stima, ana njia ngapi?"

"Sifuri, mjomba."